Filamu ya jela ya vijana: skripti inaonekana ngumi tupu, selo na sauti navyo vinanitoa jasho

KalamuNyeusi aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu.

Naandaa filamu fupi, skripti ina kurasa 24. Kijana anaingia jela ya vijana, tunamfuata wiki tatu za kwanza mpaka naye anapata mtu wa kumwonea. Nchi haitajwi. Siku za kupiga picha ni 6, waigizaji wenye maneno 9, wa kujaza uwanja 12.

Yanayonikwaza ni manne. Kila aliyesoma skripti anasema ni ngumi juu ya ngumi, nami sioni pa kupunguza kwa sababu jela yenyewe ndivyo ilivyo. Gereza la kweli hatutapata, kwa hiyo selo inajengwa ndani ya ghala lenye dari la mita 4. Nilifikiria selo ya mita 4 kwa 4 ili kamera ipate nafasi. Halafu kuna sini ya bafuni, mmoja anampiga mwenzake kwa mpira wa pulu uliotiwa kwenye soksi. Sitaki mtu aumie na sitaki ionekane maigizo. La mwisho ni sauti: tukijaribu kurekodi humo, watu wanasikika kama wako ndani ya pipa.

Anayejua moja ajibu hilo hilo, si lazima yote.


MlinziWaManeno:

Nashika la skripti.

Kabla hujahesabu ngumi, hesabu milango. Mfungwa hajifungulii. Kutoka selo kwenda bafuni, bafuni kwenda mezani, mezani kwenda karakana, kila mara anasubiriwa mtu mwenye funguo, na penye milango miwili mfululizo wa nyuma hufungwa kwanza ndipo wa mbele ufunguliwe. Skripti ikisema "anatoka selo, anaingia bafuni" kwa mstari mmoja, hapo umeandika bweni la shule. Weka kusubiri, utaona ugomvi unajizalia wenyewe: watu wasiopatana wamebanwa sekunde 40 kwenye nafasi ya hatua mbili, askari anatafuta ufunguo, hakuna anayemgusa mwenzake. Sini hiyo ina joto kuliko ngumi tatu.

Ratiba nayo iandike kwenye karatasi moja, saa kwa saa, ndipo urudi kwenye skripti. Kufunguliwa, kuhesabiwa, chai, darasa au karakana, chakula cha mchana, kufungiwa askari wakila, uwanja, chakula cha jioni ambacho huja mapema kuliko tumbo linavyotaka, kufungiwa mpaka asubuhi. Hesabu ndiyo mama yao. Idadi ya ubaoni ikipishana na vichwa kwa kimoja tu, hakuna anayesogea: karakana haifunguliwi, chakula kinapoa, watu 40 wanamchukia mtu mmoja ambaye labda kasinzia tu chooni. Mtazamaji anabana pumzi na hujatumia tone la damu.

Sasa deni, ambalo ndilo ningelifanya uti wa mgongo wa hadithi yako. Jela ya vijana inaendeshwa kwa madeni kuliko misuli. Kanuni inayojulikana sana kwenye magereza ya Uingereza ni chukua moja, rudisha mbili siku ya duka, yaani siku wafungwa wanapopata walivyonunua. Usiku wa kwanza mgeni ana njaa, anapewa pakiti moja ya biskuti na mtu mchangamfu sana. Wiki ya kwanza inaisha anadaiwa mbili. Hana. Wiki ya pili nne, ya tatu nane, na posho yake ya wiki hainunui nane. Hapo anaambiwa kuna njia nyingine ya kulipa: mshikie fulani kitu, au kampige fulani. Ndivyo kijana wako anavyogeuka mwonevu ndani ya wiki zile zile tatu ulizo nazo, na hakuna hata mmoja anayehitaji kutoa hotuba kuhusu ukatili. Ila pakiti yenyewe lazima ionekane ikitoka mkono kwenda mkono tangu ukurasa wa 4 au wa 5. Ukilitaja deni kwa mara ya kwanza ukurasa wa 18 mtazamaji ataona umelibuni kwa haraka.

Kuhusu mbabe wa bweni: makosa ya kawaida ni kumwandika kama adui wa askari. Nyapara anadumu kwa sababu anawapunguzia askari kazi. Zamu yenye askari wawili kwa vijana 40 inahitaji mtu mmoja ambaye akikohoa watu wananyamaza. Andika sini moja fupi, hata nusu ukurasa, ambapo askari anamwomba nyapara jambo dogo kwa adabu. Baada ya hapo kila kipigo kitakuwa na mwenyewe zaidi ya mmoja.

Mapokezi usiyaruke. Mali inahesabiwa na kuandikwa mbele yake, anatia sahihi, anapekuliwa, anaulizwa maswali ya afya na mtu asiyeinua macho, anapewa nguo, anapewa namba. Upekuzi wa Uingereza huenda kwa nusu: za juu zinavuliwa na kurudishwa, ndipo za chini, mtu asibaki uchi mzima. Ufuate huo. Utaratibu wenye adabu unaumiza kutazama kuliko makelele, na unakuepusha na kumvua mwigizaji mbele ya watu.

Ngumi zibaki tatu kwa kurasa 24. Moja isikike tu nyuma ya mlango, moja ionekane (hiyo ya bafuni), moja tuone matokeo yake peke yake. Na kila moja ibadilishe kitu kwenye ratiba: nani kanyimwa duka, nani kahamishwa selo, nani kaitwa kuandika maelezo akaandika kwamba ameteleza. Alama za mwili ziwekewe jedwali la siku: jeraha la kugongwa ni jekundu mwanzoni, siku ya pili bluu au zambarau, baada ya siku tano hivi linaingia kijani na njano. Filamu nyingi jicho linavimba sini ya 9, sini ya 11 limepona, na kwenye hadithi zimepita saa nne.

Jingine dogo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu walio chini ya miaka 18 waliozuiliwa, zile zinazoitwa za Havana, zinakataza watumishi kubeba silaha humo, zinakataza selo ya giza, kufungiwa peke yake na kupunguziwa chakula kama adhabu. Zinataka ziara kwa kawaida mara moja kwa wiki, isipungue mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo bunduki koridoni ni ama kosa la mtu wa mavazi ama ni tuhuma dhidi ya gereza lako. Amua ni lipi. Na wiki tatu bila mgeni hata mmoja ni habari tosha. Mtu mmoja amwambie "leo pia hakuna", basi.


PilipiliKichaa:

@MlinziWaManeno hapo unaipaka sukari jela. Filamu iliyotikisa watu kwenye suala hili ni Scum ya mwongozaji Mwingereza Alan Clarke, na iliwatikisa kwa sababu ilionyesha. BBC waliirekodi 1977 kama mchezo wa televisheni, wakaogopa, wakaifungia. Haikurushwa mpaka 1991. Clarke hakuipunguza, aliitengeneza upya kwa ajili ya sinema mwaka 1979 na mwigizaji mkuu yule yule, Ray Winstone. Unamwambia mtu abakize ngumi tatu?


MlinziWaManeno:

Mfano huo huo unanisaidia mimi. Itazame upya ukiwa na saa mkononi: sehemu kubwa ni watu kusimama mbele ya meza ya afisa, kusafisha sakafu, kupanga foleni, kujibu "ndiyo bwana". Hakuna muziki wa filamu wa kukuambia lini uogope. Vipigo vinakuja ghafla, vinaisha kabla hujakaa sawa, halafu mop inarudi kazini. Kinachouma ni kwamba mfumo unaendelea kama hakuna kilichotokea.

Na kuna jambo la sheria linaloiendesha ile hadithi ambalo watu hulipita. Borstal, jela ya vijana ya Uingereza ambamo Scum inatokea, jina lililotoka kijiji cha Kent na kuwekwa kwenye sheria mwaka 1908, haikuwa kifungo chenye siku ya kutoka iliyopigiwa mstari. Ndani ya mipaka ya sheria, tabia ya kijana ndiyo iliyoamua anatoka lini. Ukijua hilo unaelewa kwa nini kijana anameza tusi: kila tusi analolijibu linaweza kuwa wiki. Sheria ya 1982 ndiyo iliyozifuta. Kwa hiyo @KalamuNyeusi, hata kama nchi haitajwi, wewe mwenyewe lazima ujue shujaa wako anatoka lini na nani anaweza kuisogeza tarehe hiyo. Usipojua, waigizaji watabaki kucheza "hasira" tu.

Kwenye kujiua na unyanyasaji wa kingono, kama vimo kwenye skripti, sibadilishi neno: njia isionyeshwe. Kuhusu kujiua, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengeneza filamu mwaka 2019, na kiini chake ni hicho, usionyeshe tendo wala namna. Kitanda kilichotandikwa na askari anayebonyeza kengele ya selo isiyojibiwa na mtu vinatosha kabisa.


FundiBodi:

Nimekuja kwa selo. Mita 4 kwa 4 ni sebule, mkuu.

Kamati ya Baraza la Ulaya inayokagua magereza imeweka kiwango cha chini kwa selo ya mtu mmoja: mita za mraba 6 bila kuhesabu choo, ukuta hadi ukuta angalau mita 2, sakafu hadi dari mita 2.5. Hapo ndipo mwili unapoanza kubanwa, na ndipo unapotaka uwe. Kamera haipewi nafasi kwa kupanua selo, inapewa kwa kutoa ukuta.

Karatasi ya plaiwudi ni mita 1.22 kwa 2.44. Ukuta mfupi uwe karatasi mbili, mrefu mbili na nusu, zote zimesimama wima. Unapata 2.44 kwa 3.05, yaani zaidi kidogo ya mita za mraba 7, karatasi 9 kwa kuta zote nne na hakuna kinachotupwa isipokuwa tundu la mlango. Unene milimita 12, mbao za nyuma kila sentimita 61 ili kila kiungo kikae juu ya mbao. Ukuta ambao mtu atasukumwa juu yake weka milimita 18 na mbao kila sentimita 40, vinginevyo utacheza kama ngoma na kila mtu atajua ni ubao.

Kila ukuta uwe na fremu yake, na pembeni uunge kwa bolti za milimita 10 zenye nati za masikio, tatu kila kona. Usipige misumari wala skrubu. Watu wawili wanatoa ukuta kwa dakika tano na kuurudisha. Kinachoharibika hapa ni kwamba ukuta ukirudi haukai pale pale. Unaachia ufa wa milimita 4 au 5 konani, taa ya nyuma inachungulia, na hamtaona mpaka siku ya kuhariri. Dawa yake ni bomba la plastiki lililopakwa rangi, linashuka wima kwenye kila kona. Linaficha kiungo na linafanana na bomba la kweli la jela.

Mlango ndio utakaokuumbua. Wengi wanatundika mlango kwenye ukuta wa seti, askari anaubamiza, selo nzima inatetemeka. Nguzo ya bawaba isimame peke yake, imefungwa sakafuni na kuegemezwa kwa mbao mbili za mshazari zenye mifuko ya mchanga, isiguse ukuta hata kidogo. Acha upenyo wa sentimita moja uufunike kwa ubao mwembamba. Ndani ya mlango, kwa chini, funga mifuko minne ya mchanga ya kilo 5. Bawaba ziwe nne. Uzito huo ni wa mwigizaji, si wa mtazamaji: anayesukuma mlango wa kilo 40 hutumia bega, na bega haliigizwi. Ufunguke kwa nje. Unaofunguka kwa ndani aliyemo anaweza kuuzuia kwa kitanda.

Rangi: sentimita 120 za chini rangi ya mafuta, juu rangi ya maji. Acha kijivu, jela nyingi ni krimu au kijani hafifu. Lakini usiende nyeupe, ukuta mweupe kwenye chumba kidogo unamzamisha mwigizaji mwenye ngozi nyeusi. Mpiga picha akipunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi kuuokoa ukuta, uso unapotea. Chagua rangi ya kati, upige picha ya majaribio na mwigizaji mwenyewe kabla ya kununua ndoo zote. Uchakavu upake kwa rangi ya kahawia iliyochujwa kwa maji, nusu na nusu, paka kisha futa kwa kitambaa. Uweke panapoguswa tu: kuzunguka kishikio, usawa wa kichwa pembeni mwa kitanda, usawa wa kisigino chini ya ukuta unaoegemewa. Uchafu uliosambaa sawasawa kila mahali ni uchafu wa tamthilia.

Koridoni jenga mita 7 zenye milango minne upande mmoja. Badilisha namba za milango na taa moja, una orofa nne. Andika namba kwenye vibao vya sumaku au velkro, na mtu wa kumbukumbu azipige picha kila zinapobadilishwa.


HatuaSaba:

Bafuni. Mpira wa kweli wa pulu una gramu 160 hadi 170. Ukizungushwa kwenye soksi unapasua fuvu. Usiingie kwenye seti hata kwa ajili ya "kushika tu".

Tengeneza viwili, kwa soksi za pakiti moja. Cha kuonyesha kina mpira wa plastiki ulio wazi ndani wenye gramu 60 hivi, uninginie vizuri. Hicho kinapigwa picha ya karibu mkononi, na hakuna mtu ndani ya mita 2. Cha kupigia kina mpira wa sponji laini, basi. Tatizo la sponji ni kwamba haina uzito, soksi inajikunja hewani na kila mtu anacheka. Funga fundo nyuma tu ya mpira, fupisha mkia ubaki sentimita 20, na mzunguko uwe mfupi wa kutoka begani, usiwe wa kutoka kichwani. Mdomo wa soksi ya sponji ushonwe uzi mwekundu kwa ndani. Mtu mmoja wa vifaa anashika vyote viwili, anatoa kimoja, anapokea kile kabla ya kutoa kingine. Watu wameumia kwa sababu ya vifaa viwili vinavyofanana kuwa mezani kwa pamoja.

Mapigano yenyewe yawe hatua saba, si ishirini: anaingia, wanatazamana, pigo la kwanza, mpigwa anashika sinki, pigo la pili, anateleza chini, mpigaji anaosha mikono. Mkiyajua kwa mwendo wa kutembea, pandisheni nusu kasi, kisha robo tatu. Hapo ndipo mwisho. Kasi kamili haipo. Muhariri ataongeza kasi kwa kukata. Tatizo ambalo halikosekani ni kasi kupanda yenyewe kila mnaporudia, damu ikishachemka. Ndiyo maana kati ya kila mara mbili mnarudia moja kwa mwendo wa kutembea.

Anayepigwa ndiye dereva. Akitazama machoni, mpigaji anajua yuko tayari; asipotazama, mkono haushuki. Umbali ni mkono ulionyooka na kiganja juu yake. Lenzi ya milimita 85 nyuma ya bega la mmoja wao inaufuta upenyo huo kabisa. Ukiweka kamera ubavuni, hata sentimita 15 zitaonekana, kwa hiyo ubavuni usiende.

Sakafu: vigae na maji ni mvunjiko. Tandika zulia la mpira lenye chembechembe, lipake rangi ya vigae, maji yamwagwe kwa shoti za mwisho tu. Mara nne au tano kwa kila pembe kisha pumziko, kwa sababu mkono uliochoka hukosea shabaha kabla mwenyewe hajahisi uchovu. Na sini hii ipangwe kabla ya chakula cha mchana. Saa ya kumi na mbili jioni, watu wakitaka kwenda nyumbani, ni saa mbaya ya kupigana.

Damu: sharubati ya glukosi mililita 250, maji 50, rangi nyekundu ya chakula vijiko viwili vya chai, matone mawili ya bluu, kakao kijiko kimoja cha chai. Kakao ikorogwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, ukiitupa kwenye sharubati inafanya madonge. Bila kakao na bluu kamera inaona rangi ya soda. Ya sakafuni ongeza sabuni ya maji kidogo isafishike. Ya mdomoni usiongeze kitu, na chupa ziandikwe. Jaribu kwenye ngozi siku moja kabla, hasa kwa kijana wa ngozi ya maji ya kunde, nyekundu inaweza kukaa siku mbili.


MasikioMawili:

Pipa lako linatoka sehemu mbili: ghala linarudisha mwangwi mrefu, na kuta za ubao zinarudishiana sauti fupi fupi. Zitenganishe, dawa ni tofauti.

@FundiBodi vipimo vyako ni vizuri kwa mbao ila kwangu vina kasoro: upana 2.44 na kimo 2.44. Ukuta kwa ukuta na sakafu kwa dari vyote vinavuma karibu na hertzi 70, vinaongezana. Sauti nzito ya askari ikigusa hapo inanguruma. Ukirefusha kuta mpaka mita 2.6 mvumo unagawanyika, au njia rahisi zaidi: tengeneza dari vipande viwili, kisichoonekana kwenye picha kiondolewe kila shoti. Sauti nzito inatokea juu. Blanketi haliwezi kazi hiyo, linameza sauti nyembamba tu.

Mablanketi mazito yatundike nje ya seti, kuizunguka, nusu mita kutoka kwenye kuta, na moja sakafuni nyuma ya kamera. Lengo ni kurekodi kukavu, yaani bila mwangwi. Najua jela ina mwangwi, lakini mwangwi unaongezwa wakati wa kuhariri, kuuondoa vizuri ni vigumu. Koridoni weka mwangwi mrefu, ndani ya selo mfupi sana, na mlango unapofungwa badilisha ghafla kutoka mmoja kwenda mwingine ndani ya fremu mbili tatu. Mkato huo wa sauti ndio unaomwambia mtazamaji kwamba amefungiwa, hata kama hatazami.

Rekodi kilohetzi 48, biti 24, vilele vya mazungumzo viishie kama desibeli 12 chini ya kikomo; jela ina watu wanaonong'ona kisha kufoka, acha nafasi. Sare mpya za pamba ngumu zinakwaruza maiki ya kifuani. Zifuliwe mara tano au sita kabla ya siku ya kwanza, zitachuja rangi pia, na hiyo unaitaka.

Funguo zisilie wakati wa mazungumzo. Zifungwe kwa mpira, kisha uzirekodi peke yake kwa umbali wa nusu mita, mita 5, na nyuma ya mlango uliofungwa. Kila askari apewe idadi yake: wa zamu ya usiku funguo 4, mkuu wake 12. Baada ya dakika kumi mtazamaji atajua nani anakuja kabla hajatokea. Mlango nao ni tabaka tatu: komeo, chuma kugonga fremu, na mtetemo unaobaki. Rekodi geti lolote zito la chuma, usihangaike na mlango wa seti.

Usiku usiwe kimya. Mabomba, mtu anakohoa orofa ya juu, wawili wanaongea kupitia dirishani bila maneno kueleweka. Kimya kabisa kibakize kwa sehemu moja tu ya filamu.


KalamuNyeusi:

Wakuu nimeelemewa, kwa uzuri. Deni la biskuti nalichukua zima zima. Mawili yamebaki: mwigizaji mkuu ana miaka 17 kweli na atanyolewa kipara kwenye sini ya 3. Na ghalani kuna taa za mirija, kwenye majaribio picha inapepesa.


FundiBodi:

Nywele: sini 1 na 2 zipigwe kabla ya kitu kingine chochote, kunyoa kufanyike mara moja mbele ya kamera mbili, maana hakuna kurudia. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kwa siku zako 6 mashine ipite kila siku ya tatu, asubuhi, kwa kipimo kile kile. Wa kujaza uwanja wapishane urefu, wengine wiki moja, wengine miezi miwili, ili tuone nani mgeni nani mkongwe.

Taa: umeme wa hertzi 50, piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50. Ukishikilia fremu 24, weka pembe ya shata nyuzi 172.8, ni 1/50 ile ile. Kwa umeme wa hertzi 60, shata 1/60. Ila ningezizima kabisa hizo, zinatia kijani usoni, na kuweka mirija ya LED isiyopepesa kwenye vishikio vile vile.


HatuaSaba:

Huyo wa miaka 17, angalia kwanza sheria ya huko mnakopiga inasema nini kuhusu saa zake za kazi na msimamizi wake, na idhini ya mzazi iwe ya maandishi, ikitaja sini ya kunyolewa, ya upekuzi na ya bafuni moja moja, si "filamu" kwa ujumla. Saa zake zikiwa chache kuliko za wengine, siku 6 hazitoshi kwa mtu aliye karibu kila sini. Mwenye miaka 19 au 20 mwembamba wa mabega, akivaa sare kubwa kwa saizi mbili, kamera itamsoma 16. Anayepigwa bafuni hasa asiwe chini ya 18.


KalamuNyeusi:

Wa miaka 17 nampa nafasi ya yule anayetoa biskuti. Ana sini tatu na hagusi mtu.


MasikioMawili:

Mpe pakiti ya plastiki inayochakacha kwa sauti, usimpe ya karatasi. Nitaitaka sauti hiyo kwenye giza la wiki ya tatu.